Kubadilisha intaneti ya nyumbani: usiache mbachao kwa msala upitao

Mitaani Majengo, kuanzia upande wa Mwembe Tayari hadi Kingorani, si ajabu siku hizi kuwaona vijana na ngazi zao wakivuta waya mweusi kutoka kwenye nguzo hadi dirishani. Baadhi yao ni mafundi wa kampuni kubwa zinazojulikana nchi nzima. Wengine wametumwa na kampuni ndogo za hapa hapa mjini, ambazo bei yake ni ya chini na ahadi yake ni kuwa laini itafungwa siku hiyo hiyo. Kwa familia iliyochoka na laini ya zamani, ofa kama hiyo ni vigumu kuikataa.

Kuhamia kampuni ndogo si kosa. Kampuni ndogo yenye leseni, na ambayo fundi wake anakaa mtaa wa pili, inaweza kumfaa mkazi kuliko kampuni kubwa ambayo simu yake hupokelewa na mashine. Hasara huja pale mtu anapoangalia bei peke yake, akakata laini ya zamani asubuhi, na jioni akagundua kwamba mpya haifanyi kazi. Somo hili linaeleza mambo ambayo mkazi anafaa kuyajua kabla ya kulipa, na namna ya kuhama bila kukatikiwa.

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo si ya mtu fulani, lakini inafanana na nyingi. Ni nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mama mwenye nyumba anauza mabuibui kwa kupiga picha na kuwatumia wateja kwenye simu. Binti yake anajibu maswali ya wateja wa kampuni ya ng'ambo akiwa chumbani, na analipwa kwa saa. Mdogo wao yuko sekondari. Kila Ijumaa baada ya swala familia huzungumza kwa video na kaka aliyeko Doha. Katika nyumba hii laini ikikatika siku tatu, binti anapoteza mshahara wa siku tatu, na huenda akapoteza kazi yenyewe.

Waya gani unaingia nyumbani?

Swali la kwanza ni aina ya waya, kwa sababu mitaani neno "kebo" hutumiwa kwa kila kitu. Kuna aina nne kuu.

Ya kwanza ni waya wa shaba wa simu ya mezani. Mtandao huu ulijengwa enzi za Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa mwaka 1999, huduma za simu zikaenda kwa Telkom Kenya. Intaneti inayopita kwenye waya huo huitwa DSL. Kila nyumba ina jozi yake ya nyaya hadi kituo cha simu, kwa hivyo jirani hakupunguzii kasi katika kipande hicho. Udhaifu wake ni umbali: kadiri waya unavyorefuka ndivyo ishara inavyofifia. ADSL ya kawaida ina ukomo wa megabiti 8 kwa sekunde, na ADSL2+ megabiti 24, tena kwa nyumba iliyo karibu na kituo. Nyumba iliyo kilomita nne hupata sehemu ndogo tu ya kasi hiyo. Kasi ya kutuma ni ndogo zaidi, na ndiyo maana picha za mabuibui huchukua muda mrefu kupanda.

Ya pili ni kebo ya koaksia, ule waya mnene wa mviringo unaofanana na wa runinga. Unabeba runinga na intaneti kwa pamoja, na una kasi kubwa kuliko shaba ya simu. Lakini nyumba za eneo moja hugawana kebo moja, hivyo kasi inaweza kushuka wakati watu wengi wako nyumbani.

Ya tatu ni faiba, uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Katika mpango unaotumika sana majumbani, laini moja yenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Faiba haishiki kutu kama shaba, na haififii ovyo kwa umbali wa ndani ya mji.

Ya nne haina waya mtaani. Ni antena inayofungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara wa kampuni. Inafungwa haraka, lakini ghorofa jipya likijengwa katikati, ishara inaweza kuzibwa.

Mara nyingine muuzaji husema "hii ni faiba" huku faiba yenyewe ikiishia kwenye jengo la mbali, na kutoka hapo ukavutwa waya wa kawaida wa kompyuta juu ya mapaa. Waya huo, ambao kichwa chake ni cha plastiki chenye pini nane, umeundwa kufika mita 100 tu. Ukivutwa mbali zaidi, au ukiachwa juani na mvuani, huleta matatizo. Faiba ya kweli huingia nyumbani kama uzi mwembamba, na mara nyingi huishia kwenye kichwa kidogo cha kijani au bluu kinachochomekwa kwenye kisanduku maalumu. Mkazi ana haki ya kumwomba fundi amwonyeshe.

Kebo za bahari ziko Mombasa, mbona intaneti ni ya pole?

Wakazi wengi huuliza swali hili, na ni swali la haki. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa mwezi wa Juni 2009. SEACOM ilianza kazi mwezi uliofuata, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa. Kwa hivyo mlango mkuu wa intaneti ya nchi uko hapa hapa kwetu.

Lakini kebo ya bahari ni kama bomba kuu la maji. Kinachoamua maji ya bomba la nyumbani ni mabomba madogo ya mtaani, na idadi ya watu waliofungiwa kwenye bomba hilo. Kampuni ndogo kwa kawaida haina kebo yake baharini. Inanunua uwezo kwa jumla kutoka kampuni kubwa, kisha inauza rejareja. Ubora wa huduma yake unategemea kiasi inachonunua, na iwapo inanunua kutoka sehemu moja au zaidi.

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya pole Kenya na nchi jirani. Kampuni yenye njia nyingine inaweza kuhamisha mzigo. Yenye njia moja pekee haina la kufanya ila kusubiri. Ndiyo maana inafaa kumuuliza muuzaji: "Njia yenu kuu ikikatika, mna njia ya pili?"

Hesabu ya saa tatu usiku

Tuseme kampuni imenunua megabiti 100 kwa sekunde, na imeuza kifurushi cha megabiti 10 kwa nyumba 40. Nyumba 40 mara 10 ni megabiti 400, yaani mara nne ya ilichonunua. Huo si wizi. Kampuni duniani kote hugawa hivyo, kwa kuwa si watu wote hutumia kwa wakati mmoja.

Saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na shuleni, huenda nyumba 10 tu ndizo zinazotumia. Kila moja inapata megabiti zake 10 kamili. Saa tatu usiku nyumba zote 40 ziko mtandaoni. Gawanya 100 kwa 40: kila nyumba inapata megabiti 2.5. Filamu moja ya ubora wa juu inahitaji takriban megabiti 5, kwa hivyo itakwama. Fundi akija kupima saa nne asubuhi, kipimo kitasoma 10 na ataondoka akisema laini iko sawa. Naye atakuwa amesema kweli, kwa saa hiyo.

Kuna pia tofauti ya megabiti na megabaiti. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, lakini simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Faili ya megabaiti 600 ni megabiti 4,800. Kwa kasi ya megabiti 10 itachukua sekunde 480, yaani dakika 8. Kwa kasi ya 2.5 itachukua dakika 32.

Nani ana ruhusa ya kuuza intaneti?

Chini ya Katiba ya 2010, mawasiliano ya simu na intaneti ni jukumu la serikali ya kitaifa. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Anayeuza intaneti kwa umma anahitaji leseni ya kutoa huduma hiyo, na anayejenga mtandao wake mwenyewe anahitaji pia leseni ya miundombinu. Orodha ya wenye leseni huchapishwa na Mamlaka kwenye tovuti yake, na kila mwananchi anaweza kuisoma.

Kibali cha biashara cha kaunti si leseni ya mawasiliano. Muuzaji anayeonyesha kibali hicho peke yake bado hajajibu swali la leseni.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa mtu anayenunua kifurushi cha nyumbani kutoka kampuni kubwa, kisha akavuta waya kwa majirani na kuwatoza kila mwezi. Bei yake huwa ya chini kwa sababu halipii leseni wala uwezo wa kutosha. Kampuni ikigundua, itakata laini hiyo moja, na nyumba zote zilizofungwa humo zitakuwa gizani siku hiyo. Wateja hawatakuwa na mkataba wala risiti ya kudai fedha zao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Jina kamili la kampuni kwenye leseni ni lipi? Jina la kwenye bango na jina la leseni huweza kutofautiana. Jina la malipo kwenye M-Pesa lilingane na la kampuni, si jina la mtu binafsi.

2. Ni waya wa aina gani utaingia nyumbani, na unatoka wapi?

3. Kasi ya kupokea ni ipi, na ya kutuma ni ipi? Kwa mwenye biashara au kazi ya mtandaoni, ya kutuma ni muhimu vilevile.

4. Je, kuna ukomo wa matumizi? Vifurushi vingine huitwa "bila kikomo", lakini kasi hupunguzwa mtu akishavuka kiwango fulani.

5. Gharama ya kufunga ni kiasi gani, na ruta ni ya nani? Ikiwa ni ya kampuni, itarudishwa vipi, na ikiharibiwa na stima nani atalipa?

6. Mkataba ni wa muda gani, na ilani ya kuuvunja ni ya siku ngapi?

7. Laini ikikatika Jumamosi usiku, nani anapokea simu, na siku zilizopotea zinafidiwa?

8. Je, kuna wateja wengine mtaa huu wanaoweza kuulizwa?

Majibu yaandikwe kwenye mkataba au angalau kwenye ujumbe wa simu. Kanuni za mwaka 2010 za ulinzi wa watumiaji wa huduma za mawasiliano zinampa mteja haki ya kupata maelezo wazi na kamili kuhusu bei na masharti, na kutotozwa kwa huduma ambayo hakuiomba.

Kuhama bila kukatikiwa

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa laini ya intaneti, maana yake ni kwamba ya zamani isikatwe hadi mpya ipimwe. Kulipia laini mbili kwa mwezi mmoja ni gharama, lakini kwa binti wa mfano wetu ni gharama ndogo kuliko mshahara wa siku tatu.

Upimaji ufanywe kwa siku saba, mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri, na saa tatu usiku. Anayepima akae karibu na ruta, kwani kuta nene za mawe na chokaa za nyumba zetu hudhoofisha waifai, na hilo si kosa la kampuni. Ikiwezekana kompyuta iunganishwe kwa waya. Matokeo yaandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, kasi ya kupokea, kasi ya kutuma. Binti na apige simu ya video ya kazini kwa laini mpya, na familia imwite kaka wa Doha kwa laini hiyo hiyo.

Laini mpya ikifaulu, kampuni ya zamani ijulishwe kwa maandishi. Vifaa vyake virudishwe na risiti ihifadhiwe. Malipo ya moja kwa moja ya kila mwezi, kama yapo, yasimamishwe. Aliye na anwani ya barua pepe ya kampuni ya zamani afungue nyingine kwanza, kisha abadilishe anwani kwenye akaunti za benki, shule na huduma za serikali, kwa sababu ile ya zamani inaweza kufungwa pamoja na laini.

Anayeacha laini ya simu ya mezani azingatie pia nambari yake. Utaratibu wa kuhama na nambari ulioanza Kenya mwaka 2011 ni wa simu za mkononi. Zaidi ya hayo, simu ya zamani ya waya wa shaba hupata umeme wake kutoka kituo cha simu na hulia hata stima ikipotea mtaani. Faiba na kebo hutegemea ruta na kisanduku vinavyochomekwa ukutani, na stima ikienda, navyo huzimika. Betri ndogo ya akiba ya ruta ni msaada mkubwa kwa mwenye mgonjwa au mzee nyumbani.

Siku ya kwanza, nywila iliyokuja na ruta ibadilishwe. Mwenye akaunti ndiye atakayeulizwa kwanza iwapo laini yake itatumiwa kutenda kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Nyumba, kuta na nguzo

Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba kabla ukuta haujatobolewa. Kwa wakazi wa Mji wa Kale kuna jambo la ziada: eneo hilo limehifadhiwa kisheria kama turathi, na kazi inayobadilisha sura ya nje ya jengo inahitaji ushauri wa ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Waya unaweza kupitishwa uani au kwenye kona bila kuharibu mlango wa nakshi au roshani.

Nguzo za stima ni za Kenya Power. Kampuni inayofunga waya hapo inahitaji idhini, na waya uliofungwa bila idhini unaweza kuondolewa wakati wowote. Mkazi asipande nguzo wala kugusa waya ulioanguka, hata akiambiwa ni wa intaneti tu, kwani unaweza kuwa umegusana na wa stima. Mtaro ulioachwa wazi au waya unaoning'inia njiani uripotiwe kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.

Mambo yakiharibika

Hatua ya kwanza ni kuripoti kwa kampuni yenyewe na kudai nambari ya lalamiko. Bila nambari hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba mteja aliwahi kulalamika. Kampuni isipotoa jibu la kuridhisha, lalamiko lipelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano, yenye ofisi ya kanda ya Pwani hapa Mombasa. Mkazi aende na mkataba, risiti za malipo, na lile daftari la vipimo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro ya huduma. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza matangazo ya uongo au ya kupotosha. Na ikiwa kampuni imechukua nakala ya kitambulisho kisha ikakitumia kwa jambo jingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mkazi haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa kifupi, mkazi aijue aina ya waya, ahakikishe leseni, aulize maswali manane, na apime saa tatu usiku kwa siku saba kabla ya kuacha laini ya zamani. Muuzaji mwaminifu, awe mdogo au mkubwa, hatachukizwa na maswali hayo. Akikataa kuyajibu, mkazi asilipe.